Nilimsingizia Upepo

Hapa Punta Arenas upepo hauvumi, unahamia.
Unaingia na viatu vyake, unakaa wiki tatu.
Manispaa imefunga kamba kwenye kona za barabara
ili sisi tuliozaliwa wepesi tusipeperuke.
Kwa hiyo mara ya kwanza askari wangu walipoganda,
mguu mmoja hewani, mikuki imeinuliwa,
na skrini ikaandika: Mawasiliano yamekatika. Umeshindwa,
nilisema, huyo ni upepo.

Mara ya pili, upepo.
Mara ya tano nikapanda ngazi saa sita usiku,
mimi, Rosenda Barría, miaka hamsini na minane,
magoti yakilia kama bawaba,
nikaufunga waya wa paa kwa kamba ya kiatu.

Mchana nabangua kaa kiwandani.
Usiku nina jeshi.
Mwanangu Yerko aliniachia mchezo huu
alipokwenda kaskazini kwenye migodi ya shaba.
Mama, alisema, upweke ukikujia jenga ghala kwanza,
ukuta baadaye. Nami nikajenga.
Nikaijua njaa ya askari elfu mbili,
nikajua kumngoja adui avuke mto
huku moyo ukinigonga mbavuni.

Huyu jamaa anajiita Mfalme wa Chumvi.
Akiwa juu, mtandao wake ni maji ya bomba.
Lakini liguse lango lake, bomoa tofali moja la mnara,
papo hapo dunia inanata kama asali ya baridi,
sekunde moja, tatu, tisa,
kisha mimi ndiye ninayetupwa nje,
mimi ndiye ninayeandikwa: Amekimbia.
Amekimbia! Mimi, niliyemzika mume Jumanne
na Jumatano nikaingia zamu.

Danko, mtoto wa kaka yangu, alihesabu kwenye karatasi ya mkate:
mara kumi na moja, shangazi, na kila mara
lango lake limebakiwa na pumzi moja.
Upepo gani huo unaojua hesabu?
Anaukata waya wake kwa swichi, alisema, anaurudisha,
anaukata, anakulisha ukimya
mpaka mashine ikuchoke wewe.
Kidole kimoja tu. Chini ya meza.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka,
maana kwenye droo ya Yerko, ile ya betri na funguo zisizo na kufuli,
niliwahi kuona waya wa kijani
uliopasuliwa katikati na kuungwa
kwenye swichi ya kengele ya mlango.
Nilidhani ni kengele.
Nikaivuta droo. Bado ipo.
Imesuguliwa, nyeupe pale kidole gumba kilipokuwa kikikaa.

Ni mara ngapi nilimkaangia maandazi ya maboga
kwa sababu ameshinda?
Ameshinda tena, niliwaambia wenzangu kiwandani,
kijana wangu hashindiki.
Kuna mama mahali, pengine Osorno, pengine Lima,
aliyepanda ngazi usiku kwa ajili ya mwanangu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani:
nikamwandikia hayo kwenye simu, nikayafuta.
Saa hizi yuko chini ya mlima, na taa kwenye paji la uso.

Swichi ile niliichomeka. Sitasema uongo.
Nikaingia vitani na mtu ambaye jina lake ni namba tupu.
Alinizidi akili, tena kwa adabu,
akapitia kaskazini nilikosahau kulinda.
Kidole gumba kikatua pale palipo peupe.
Pananienea.
Nje upepo ukatikisa mabati,
ukinitolea ushahidi kabla sijauomba.

Nililitazama lango langu likianguka.
Tofali, tofali, vumbi, bendera yake ikipanda.
Mwezi mzima sikuwa nimeuona mchezo ukifika mwisho.
Nilikuwa nimesahau kwamba ghala linapoungua
wameweka ndege wadogo
wanaoruka kutoka kwenye paa.